Margherita baada ya Kilimanjaro: njia ipi, siku ngapi, vifaa gani, na mpaka unapita wapi

Mkuu, umeuliza mambo manne. Umefika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, kwa njia ya Machame na sasa unataka Margherita, kilele cha juu cha milima ya Rwenzori: njia ipi ushike, siku ngapi uombe ruhusa kazini, ubebe nini, na kama ni kweli kilele chenyewe nusu kiko Uganda nusu Kongo. Kuna mchangiaji amekujibu kwamba aliyefika mita 5,895 hawezi kusumbuliwa na mita 5,109. Naanza na hilo, maana hesabu hiyo ndiyo inayowarudisha watu chini bila kilele.

Kilimanjaro kwa Machame unatembea. Ukuta wa Barranco utakudai mikono kidogo, usiku wa kilele utakudai mapafu, lakini kifaa cha kupandia huhitaji hata kimoja. Margherita inakupa kwanza siku nne au tano za matope, mawe yanayoteleza na mvua, ndipo siku ya mwisho unavaa mkanda wa kupandia, unafungwa kamba na wenzako, unafunga kramponi (vyuma vyenye meno vya kuvaa chini ya kiatu) na kupanda barafu yenye mwinamo mkali, kisha mwamba wenye kamba zilizowekwa na waongozaji. Ukifika Elena, kambi ya mwisho kabla ya kilele, umechoka, nguo mbichi, vidole havisikii, zile mita zilizopungua hazitakusaidia kitu. Tena kama Uhuru ulifika mwaka jana, mwili umeshasahau. Kuzoea hewa nyembamba hupotea ndani ya wiki chache baada ya kushuka.

Tofauti nyingine iko kwenye umbile la mlima. Rwenzori si volkano kama Kilimanjaro, Meru au Elgon. Ni bonge la miamba ya kale lililosukumwa juu wakati Bonde la Ufa linapasuka, safu ya kama kilomita 120 kutoka kaskazini hadi kusini, na juu yake kuna milima sita iliyotenganishwa na mabonde marefu: Stanley, Speke (4,890), Baker (4,844), Emin (4,798), Gessi (4,715) na Luigi di Savoia (4,627). Margherita ni kilele cha juu cha Stanley, na jirani yake wa karibu kabisa ni Alexandra, 5,091. Kwa hiyo hupandi mteremko mmoja hadi juu. Unapanda pito (njia ya juu inayopita kati ya milima), unashuka bondeni, unapanda tena. Mwili unapata nafasi ya kuzoea urefu, ila magoti yatalipa.

Historia kwa ufupi, kwa sababu inaeleza njia. Mwaka 1906 Luigi Amedeo di Savoia, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia aliyejulikana kama Duke wa Abruzzi, alishuka melini Mombasa, akapanda reli ya Uganda iliyokuwa imefika ziwani miaka michache tu kabla, akavuka Ziwa Victoria hadi Entebbe, kisha msafara ukatembea kwa miguu hadi Fort Portal na kuingia bonde la Mubuku. Kambi yake kuu ilikuwa Bujongolo, chini ya mwamba ulioinama. Tarehe 18 Juni 1906 alikuwa kileleni na waongozaji wake kutoka Alps. Majina ni ya malkia wawili, Margherita wa Italia na Alexandra wa Uingereza. Mpiga picha wake Vittorio Sella ndiye aliyetuachia picha za barafu ya wakati ule, na hizo ndizo kipimo cha kilichopotea. Ukizunguka Central Circuit, mojawapo ya njia za upande wa Uganda, leo, siku unayoshuka kutoka pito la Freshfield unapita hapo Bujongolo. Yaani unarudi kwa njia aliyoendea yeye. Bakonzo wa upande wa Uganda, na ndugu zao Banande wa upande wa Kongo wanaozungumza lugha ileile, walikuwa wakiwinda kwenye mabonde hayo karne nyingi kabla yake, na kwao huko juu ni makao ya Kitasamba. Usishangae mwongozaji akikuomba upunguze kelele sehemu fulani.

Sasa mpaka. Mkataba wa Mei 1894 kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo ulitumia longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Chukua ramani uangalie: Margherita iko nyuzi 29 na dakika 52, na milima mikubwa yote sita iko magharibi ya mstari wa 30. Kwa maneno hayo ya mkataba, barafu yote ingekuwa ya Kongo. Shida ni kwamba wakati wa kusaini hakuna aliyejua kwa uhakika mstari huo unapita wapi ardhini. Tume ya upimaji ikaenda 1907 na 1908, halafu mabwana wakakaa Brussels, na makubaliano ya Mei 1910 yakausogeza mpaka hadi kilele chenyewe cha Margherita. Kutoka hapo unakwenda moja kwa moja hadi chanzo cha mto Lamia, unaufuata Lamia hadi Semliki, na Semliki hadi Ziwa Albert. Ndiyo maana kilele kimoja ndicho cha juu kabisa kwa nchi mbili. Kule juu hakuna kituo wala uzio. Ukisimama jiwe la juu umegusa pande zote mbili na hakuna wa kukuuliza, lakini kushukia upande wa pili ni kuingia nchi nyingine bila muhuri, na mgambo wa hifadhi hatakuruhusu.

Upande huo wa pili ni mzuri kwa wanaoujua. Kutoka Mutwanga, ndani ya Hifadhi ya Virunga, njia inapanda Kalonge, Mahangu, Kiondo hadi Moraine chini ya barafu za magharibi. Ni fupi kuliko za Uganda na ina mwinuko mkali zaidi, na maziwa yake madogo ya rangi tofauti ni ya kupendeza. Ila maeneo ya Beni na Rwenzori upande wa Kongo yameshambuliwa sana na waasi wa ADF, Mutwanga ikiwemo. Mwenye kukuuzia safari ya huko kwa bei nafuu wakati huu muache. Waasi haohao ndio waliosababisha hifadhi ya upande wa Uganda kufungwa kati ya 1997 na 2001, kwa hiyo hata kwa Uganda uliza hali ya usalama wiki ile unayosafiri, si miezi sita kabla.

Kwa Uganda una njia mbili za kweli.

Central Circuit inaanzia Nyakalengija, kama kilomita 25 kutoka Kasese, na inaendeshwa na Rwenzori Mountaineering Services, chama cha wenyeji. Siku ya kwanza ni saa tano au sita hadi Nyabitaba, mita 2,650, msituni, mwisho wake mwinuko usio na huruma. Siku ya pili unashuka daraja la Kurt Schäfer pale Mubuku na Bujuku zinapokutana, kisha mianzi na mawe yaliyofunikwa na kuvumwani, ule ukijani unaoteleza, hadi John Matte, mita 3,500 hivi. Ndiyo siku ndefu kuliko zote za kupanda, saa saba kwa mtu wa kawaida, na ndiyo inayovunja vifundo vya miguu, kwa sababu kila jiwe linataka uamuzi wake. Siku ya tatu ni mabwawa ya matope ya Bigo, la chini na la juu. Pana njia za mbao siku hizi, lakini hazifiki kila mahali. Unalala Bujuku, 3,962, karibu na ziwa. Siku ya nne ni fupi, saa tatu hadi nne, kupitia bonde la seneshio wakubwa (mimea ya milimani mirefu kama miti), ngazi ya chuma, halafu miamba mitupu hadi Elena, 4,541. Siku ya tano kilele na kushuka Kitandara, 4,023. Ya sita pito la Freshfield, 4,282, hadi Guy Yeoman. Ya saba unatoka. Hizo ni siku saba, na ratiba yake haina nafasi ya hali mbaya ya hewa hata kidogo.

Njia ya Kilembe inaanzia mji wa migodi ya shaba juu ya Kasese, mita 1,450, na inaendeshwa na Rwenzori Trekking Services. Vituo vyake ni Sine (2,596), Mutinda (3,688), Bugata (4,062), unavuka pito la Bamwanjara (4,450), unashuka Hunwick's (3,974), unapanda hadi Margherita Camp (4,485), kilele, unarudi Hunwick's, kisha Kiharo na kutoka. Siku nane. Mandhari yake kwa maoni yangu yanaishinda Central Circuit, hasa bonde la Namusangi na maziwa ya chini ya Bamwanjara, na kwa mtu wa kuja na kilele kichwani naona ndiyo bora, kwa sababu unalala karibu na mita 4,000 mara mbili na kuvuka 4,450 kabla hujaenda kulala kambi ya juu. Ina kasoro moja: kutoka Sine hadi Mutinda unaongeza mita 1,100 kwa siku moja. Omba kulala Kalalama, mita 3,150 hivi, katikati. Ni siku tisa sasa, na uwezekano wa kichwa kuuma Bugata unapungua.

Kwa hiyo ukiniuliza siku ngapi za ruhusa: mlimani nane kwa Central Circuit, ukiongeza moja Bujuku, au tisa kwa Kilembe, pamoja na siku mbili za barabara kila upande kama unatoka Tanzania. Siku ya ziada ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote utakavyonunua. Mwongozaji mwenye siku ya akiba anaweza kukuambia "leo hapana, kesho". Asiye nayo anakupeleka kwenye mawingu au anakurudisha.

Siku ya kilele yenyewe watu wengi huielezea vibaya, nitaikata vipande.

Unaondoka kambi ya juu saa nane au saa tisa usiku. Saa ya kwanza ni miamba laini iliyoinama, na mvua ya jioni ikiganda inaacha utando wa barafu usioonekana kwa taa ya kichwani. Wengi huanguka hapa, kabla hata ya kufika kwenye barafu, kwa sababu bado hawajavaa kramponi na wanatembea kama wako njiani. Weka mguu mzima juu ya mwamba, usikanyage kwa kisigino. Kisha unafika uwanda wa Stanley, barafuto (barafu ya kudumu ya mlimani) lililo karibu tambarare. Hapo mnafungwa kamba moja, watu watatu au wanne, nafasi ya mita nane hadi kumi kati ya mtu na mtu. Kamba isiburute wala isikazwe; kamba inayolala chini mbele yako maana yake ni kwamba mwenzako akitumbukia kwenye ufa atashuka mita kadhaa kabla hujamhisi. Uwanda unavukwa kwa nusu saa hadi saa moja.

Halafu kinakuja kinachowaudhi watu: unashuka. Unateremka kwenye mwamba kwa kamba hadi chini ya Alexandra, na kila mita unayoshuka utaidaiwa mchana ukirudi umechoka. Kutoka hapo unapanda barafuto la Margherita, lenye mwinamo mkali na nyufa. Sehemu hii ndiyo iliyobadilika kuliko zote. Barafu imepungua, imeacha mwamba mtupu pale palipokuwa na barafu, na waongozaji huhamisha kamba na ngazi mara kwa mara. Maelezo ya mtu aliyepanda miaka mitano iliyopita, na picha zake, usiyategemee kwa kipande hiki. Ukishika tandiko, yaani sehemu iliyobonyea kati ya Alexandra na Margherita, umebakiza mwamba wenye kamba hadi kileleni. Kupanda kote huchukua muda wa saa tano hadi saba.

Jua kule halichomozi saa kumi na mbili kamili. Uganda ya magharibi iko mbali na longitudo ya saa yetu, kwa hiyo kunakucha saa moja kasoro dakika kumi hivi. Maana yake, ukiondoka saa nane, karibu saa tano nzima ni za giza, kwa hiyo beba betri za akiba za taa na uziweke mfuko wa ndani zipate joto. Kukicha, kwa kawaida una saa mbili au tatu za anga safi kabla mawingu ya upande wa Kongo hayajafunga. Kubalianeni saa ya kugeuza mkiwa bado kambini. Mimi naona saa nne asubuhi ni mwisho; popote mlipo, mnageuka. Wasiokubaliana mapema hubishana juu ya barafu, na mwenye hela ndiye hushinda, jambo ambalo si zuri. Baada ya saa tano theluji inalainika, inaganda kama mpira chini ya kramponi, na mawe yaliyoshikwa na barafu usiku huanza kuanguka. Ukiona kramponi zimebeba bonge la theluji, zigonge kwa mpini wa shoka kila hatua mbili tatu; ukiacha, unateleza kama umevaa kandambili kwenye sakafu yenye sabuni.

Kwenye kamba zilizofungwa kwenye mwamba, uwe na kamba fupi mbili kwenye mkanda wako, kila moja na karabina (pete ya chuma ya kunasia kamba) yenye kufungwa. Ukifika kwenye nanga, pale kamba ilipofungwa kwenye mwamba, unahamisha moja kwanza, kisha ya pili. Hakuna sekunde ambayo hujashikwa na kitu. Usiivute kamba kuukuu kwa uzito wako wote, panda mwamba kwa mikono na miguu, kamba iwe ya kukudaka tu. Jua na kugandaganda vinaila kamba kwa ndani wakati nje bado ina rangi. Ikunje kidogo: ikiwa ngumu kama waya au ina sehemu laini iliyolegea ndani, mwambie mwongozaji atumie kamba yake.

Sasa vifaa, na hapa nitakaa kidogo.

Mabuti ya mpira, gambuti kama wasemavyo Kenya, ndiyo viatu vyako vya siku nyingi. Wanaokuja na viatu vya ngozi vya laki nane wakakataa mabuti huwa wamekubali ifikapo Bigo. Chukua yenye meno marefu chini na inayofika karibu na goti, saizi moja juu ya yako ili iingie soksi nene na soli laini ya ndani. Mabuti ya bei ya chini yenye soli laini ya bustani ni ya hatari kwenye mawe ya kuvumwani. Yapime kabla kwa kushuka ngazi nyumbani, maana yakibana vidole ukishuka kutoka Freshfield kucha zitatoka.

Viatu vya kramponi ni jozi nyingine kabisa, vyenye soli ngumu isiyokunjika, na unavibeba vikavu kwenye mfuko hadi kambi ya juu. Kramponi za kukodi hufungwa kwa mikanda na huingia kiatu chochote kigumu, lakini lazima zirekebishwe urefu. Fanya hivyo Kasese au getini, mchana, ukiwa na kiatu chenyewe mkononi, kwa sababu skrubu iliyoshikwa na kutu haifunguki kwa vidole vilivyokufa ganzi saa nane usiku. Kiatu kikiinuliwa bila kufunga mikanda, kramponi ibaki imeng'ang'ania. Ikidondoka, haikufai. Mkanda, helmeti, shoka la barafu na kamba vinakodishwa na waendeshaji wote wawili; kagua mishono ya mkanda na buckle yake, na kwenye helmeti tafuta nyufa kwa ndani.

Nguo: tenga seti mbili na usizichanganye kamwe. Ya kutembelea italowa siku ya kwanza na utaivaa mbichi kila asubuhi, hakuna njia nyingine, vibanda havina jua wala moto wa kukausha kitu kinene. Ya kulalia haitoki kibandani. Watu huharibu mambo siku ya tatu, wanapoona nguo mbichi inachukiza na kuvaa ile kavu. Jioni wana seti mbili mbichi na usiku wa nyuzi 0 au chini yake. Pamba iache nyumbani, jeans pia. Mfuniko wa begi hautoshi kwa sababu maji huingia upande wa mgongoni. Tandika ndani ya begi mfuko mnene wa plastiki wa taka, kunja mdomo wake mara tatu, na fuko la kulalia lifungwe mfuko wake wa pili. Glavu jozi tatu: moja ya kazi kwenye kamba, moja ya joto, moja ya akiba ambayo haijaguswa hadi siku ya kilele. Fimbo mbili za kutembelea ni lazima kwenye mabwawa, za kupimia kina kabla ya kuweka mguu. Kanyaga katikati ya vichuguu vya nyasi, karibu na shina, kwa sababu pembeni vinainama na kukumwaga. Kwenye mbao, tembea katikati kwa hatua fupi na usigeuke kupiga picha ukiwa juu yake.

Miguu inayokaa kwenye unyevunyevu siku nane huchunika. Kila jioni ioshe, ikaushe kabisa, acha ipate hewa nusu saa, kisha soksi kavu za kulalia. Asubuhi paka vaselini kwenye vidole na kisigino kabla ya soksi mbichi.

Yanayoweza kukupata. La kwanza na la kawaida ni baridi ya mwili mzima, na huja mchana, nyuzi tano juu ya sifuri, mvua na upepo, kwenye mapito. Dalili si kutetemeka peke yake. Mtu anayejikwaa, anayenuna, anayeshindwa kufunga zipu, huyo tayari. Msimamishe mahali pasipo na upepo, mvue kibichi, mvike kikavu, mpe kitu kitamu cha moto, na asiachwe nyuma na mtu mmoja asiyemjua.

La pili ni ugonjwa wa urefu. Kichwa kuuma na kukosa hamu ya kula ni jambo la kusubiri, usipande hadi limeisha. Kikohozi chenye povu, kuhema ukiwa umekaa, au kushindwa kutembea mstari ulionyooka kisigino kwa kidole ni jambo la kushuka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na hapa umbile la Rwenzori linauma: kutoka Bujuku au Hunwick's huwezi kukimbilia chini kama unavyotoka kambi ya Barafu kwenda Mweka kule Kilimanjaro. Lazima utembezwe au ubebwe kwa machela kupitia mabwawa yaleyale, na inaweza kuchukua zaidi ya siku moja. Helikopta inategemea mawingu, na mawingu ndiyo hali ya kawaida. Kwa hiyo uamuzi wa kugeuka ufanyike mapema kuliko ambavyo ungefanya Kilimanjaro. Dawa ya acetazolamide, wengi wanaijua kwa jina la Diamox, kinga yake ya kawaida ni miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini mwone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Vidole kuwashawasha na kukojoa mara kwa mara ni athari zake za kawaida.

Soma pia bima yako mstari kwa mstari. Nyingi zinaishia mita 4,500 au 5,000, na nyingine zinakataa safari yoyote inayotumia kamba au kramponi. Margherita inagonga vyote viwili.

Msimu: katikati ya Juni hadi Agosti, na katikati ya Desemba hadi Februari. Hata hapo mvua ipo, ni suala la kiasi tu. Aprili, Mei, Oktoba na Novemba barafuto hujaa theluji laini inayoficha nyufa, na mito ya chini hufurika. Mafuriko ya Mei 2013 yaliupiga mji wa Kilembe vibaya sana. Kuhusu barafu yenyewe, mwaka 1906 kulikuwa na barafuto zaidi ya 40 kwenye milima yote sita, kilomita za mraba kama 7.5. Kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba, na tangu hapo imeendelea kuyeyuka. Iliyobaki ya maana iko Stanley. Ukichelewa miaka kadhaa kilele kitakuwepo, ila upandaji wake utakuwa wa mwamba uliovunjikavunjika, ambao si lazima uwe rahisi zaidi.

Mazoezi usiyoyaona kwenye vitabu vya Kilimanjaro: kushuka. Tafuta ngazi au kilima, begi la kilo kumi, ushuke dakika 40 bila kusimama, mara tatu kwa wiki. Na ukifika kambi ya juu mapema, usilale mchana wote. Mwombe mwongozaji saa moja ya kufundishwa kutembea na kramponi, kukaza shoka ukiteleza, na kuhamisha karabina kwenye nanga ukiwa umevaa glavu. Akisema utajifunza njiani, sisitiza.

Gharama zinapanda kila mwaka, usitegemee tarakimu za mijadala ya zamani humu jukwaani. Raia wa Afrika Mashariki ana kiingilio chake cha hifadhi, kidogo mno kuliko cha mgeni wa mbali, kwa hiyo kitaje mapema kwenye barua ya maombi na uombe mchanganuo: kiingilio, mwongozaji, wapagazi, vifaa vya barafu, uokoaji. Uliza pia kikomo cha mzigo wa mpagazi mmoja na kama ana buti na koti la mvua. Bei ikiwa chini sana kuliko wengine, tofauti huwa imetoka hapo.

Mtanzania aje na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kama uko Kanda ya Ziwa usizunguke Kampala: Bukoba, Mutukula, Masaka, Mbarara, Kasese, unabadilisha magari mara tatu au nne. Lala Mbarara. Ukifika Kasese mchana wa siku ya pili utakuwa na muda wa kupima kramponi kabla giza halijaingia.